KUMWONA MTU MKUBWA SI KUWA KARIBU NAYE



Tunapenda leo tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo limeingia karibu kila nyumba, hata nyumba isiyo na meza. Kijana anayechunga mbuzi katika bonde la Ruzizi anafungua telefone na kumwona Fally Ipupa akitembea Paris. Dada anayeuza nyanya kando ya barabara ya Bukavu anajua Diamond Platnumz alivaa nini jana. Mama anayengojea zamu yake penye maji anasikiliza mhubiri wa nchi ya mbali, na mhubiri anamwambia, “Wewe mama, nakuona.” Watu hao zamani walikuwa mbali nasi kama mwezi. Leo tunalala nao kando ya kichwa.

Swali letu ni hili: je, tumekuwa karibu nao kweli? Na kama tumekuwa karibu, ukaribu huo ni wa namna gani, na unatudai nini?

Hatuandiki ili kuwakataza watu telefone. Kanisa linalotangaza matanga kwa WhatsApp haliwezi kusema kwamba telefone ni ya shetani. Tunaandika kwa sababu neno “karibu” ni neno zito. Kwetu, mtu akifika mlangoni tunamwambia “karibu,” na akishaingia, tunadaiana. Sisi tunampa kiti, maji na chakula. Yeye anatupa habari za kwao, na siku tutakapofika kwake atatufungulia. Tupime basi kama ukaribu wa telefone una uzito huo.

1. Zamani wakubwa walikuwa mbali

Sisi watu wa Kamanyola tunajua vizuri jambo la kuwa na jina kubwa bila kuwa karibu na wakubwa. Mwaka 1964 jeshi la serikali lilipigana hapa na waasi, na Mobutu, aliyekuwa jenerali wakati huo, alijipatia sifa kwa vita hivyo. Alipokuwa rais, jina la kijiji chetu lilisafiri kuliko sisi wenyewe. Kikosi cha jeshi kikaitwa Kamanyola. Meli yake ya kutembelea mto Kongo ikaitwa Kamanyola. Uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, uliofunguliwa mwaka 1994, ukaitwa Kamanyola, mpaka mwaka 1997 ulipobadilishwa kuwa Uwanja wa Mashahidi. Wangapi kati yetu walipanda meli ile? Wangapi waliingia uwanja ule? Jina lilikwenda, watu wakabaki shambani.

Rais mwenyewe tulimwona kwa namna gani? Wenye televisheni walimwona kila jioni, mwanzoni mwa habari, uso wake ukitoka mawinguni. Alipotembelea miji, watu walipangwa kando ya barabara, waimbe na kucheza. Gari likapita, vumbi likabaki. Na wanamuziki wakubwa tuliwajua kwa kaseti, kwa picha za ukutani na kwa radio. Franco Luambo alipofariki mwezi wa 10 mwaka 1989, watu walilia katika kila jimbo, na wengi wao hawakuwahi kumwona hata mara moja.

Tukumbuke pia kwamba hamu ya kusikia jina lako katika chombo kikubwa si jambo la vijana wa leo. Katika nchi za Afrika Mashariki watu walinunua kadi za salamu, wakaandika majina ya shangazi na binamu zao, wakazituma kwa radio na kukaa kimya siku nzima wakingoja. Mtangazaji alipotaja jina, nyumba yote ilipiga kelele. Mtu alijisikia ameonekana. Kiu hiyo ni ya kale, nayo si dhambi. Kila mtu aliyeumbwa anatamani jina lake litajwe.

2. Mema ambayo telefone imeleta

Halafu yakaja mabadiliko ya upesi. Facebook ilianza mwaka 2004, YouTube mwaka 2005, WhatsApp mwaka 2009, Instagram mwaka 2010, na TikTok ilitoka nje ya China mwaka 2017. Mtu anayenunua mega kidogo anaweza leo kumwandikia waziri, mchezaji wa mpira au mwimbaji, bila kupita kwa sekretari wala kwa mlinzi.

Tuseme ukweli: kuna mema ndani yake. Zamani mwimbaji wa upande wetu wa mashariki alipaswa kwanza kukubaliwa na Kinshasa ndipo nchi imsikie. Lakini tazameni Innoss'B, aliyezaliwa Goma mwaka 1997. Alishinda shindano la waimbaji mwaka 2010, akiwa mtoto wa miaka 13. Mwaka 2019 aliimba “Yope” pamoja na Diamond Platnumz, mtoto wa Tandale, Dar es Salaam, na wimbo huo ulitazamwa YouTube zaidi ya mara milioni mia moja. Vijana wawili, mmoja wa Goma na mmoja wa Dar es Salaam, walionana na dunia bila kuomba ruhusa ya mkubwa yeyote wa zamani. Kijana wa Kamanyola akiona hayo anajifunza kwamba mtu mkubwa alizaliwa na mwanamke kama yeye, na alikula sombe kama yeye. Hilo ni somo jema. Woga wa kuwafanya wakubwa kuwa miungu unaweza kupungua tunapowaona wakikohoa.

Basi hatulaumu kuona. Tunauliza kinachofuata baada ya kuona.

3. Ukaribu wa kununua

Sisi Wakongomani tulijua biashara ya ukaribu kabla ya intaneti. Ninyi nyote mnajua mabanga. Mwimbaji yuko katikati ya wimbo wa mapenzi, mara anataja jina la mfanyabiashara fulani, au mkubwa wa jeshi, au ndugu anayeishi Ulaya. Jina hilo halikuingia wimboni kwa bahati. Mwenye jina alitoa pesa, au gari, au nguo. Akishasikia jina lake likichezwa katika kila baa, anajiona kuwa rafiki wa mwimbaji. Lakini ulizeni: mtu huyo akifilisika, jina lake litaimbwa katika wimbo unaofuata? Nafasi yake itachukuliwa na jina la mwingine, na mwimbaji hana kosa, kwa sababu alichouza ni jina kutajwa tu. Urafiki haukuwa katika bei.

Zamani mabanga yalikuwa ya matajiri. Telefone imeyashusha mpaka kwa maskini. Katika TikTok mtu anazungumza moja kwa moja mbele ya watu maelfu, na wanaomtazama wananunua zawadi ndogondogo, picha ya ua au ya simba, wakamtupia. Pesa ni za kweli, ingawa ua si la kweli. Kampuni inakata sehemu yake, yule mtu anachukua inayobaki, na kwa malipo anasoma jina: “Asante, ndugu yangu wa Kamanyola!” Kisha anasoma jina la mwingine. Ukaribu huo ulidumu kwa muda wa kutamka jina. Aliyetoa pesa ya mega, akatoa na ya chumvi, anabaki na furaha ya sekunde tatu, na kesho atataka tena.

Hatumcheki mtu huyo. Tunamhurumia, maana labda katika nyumba yake hakuna anayelitaja jina lake kwa upendo. Kama kijana anamlipa mgeni ili amwite “ndugu yangu,” tujiulize sisi wenye kukaa naye benchi moja ibadani: tulimwita hivyo lini mara ya mwisho?

4. Anasema “wewe,” lakini hakujui

Mwaka 1956, televisheni ilipokuwa changa, wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika juu ya jambo waliloliona kwa watazamaji. Mtu katika televisheni anatazama kioo cha kamera, anatabasamu, anasema kama anayezungumza na rafiki. Mtazamaji nyumbani anajibu moyoni, na baada ya miezi anajisikia anamjua kabisa. Lakini njia ni ya upande mmoja. Mtazamaji anajua yote ya yule, na yule hajui hata kama mtazamaji yuko hai. Wataalamu hao walieleza ukaribu unaoishi pamoja na umbali.

Telefone imeongeza nguvu ya jambo hilo kwa sababu tatu. Kwanza, televisheni ilikuwa sebuleni kwa watu wote, lakini telefone iko mkononi mwa mtu mmoja, usiku, peke yake. Pili, sasa unaweza kuandika, na mara moja kwa elfu unajibiwa. Jibu hilo moja linatosha kukufunga. Lakini mtu mwenye wafuasi milioni hawezi kusoma barua milioni. Wengi wao wanalipa watu wa kuwaandikia na kuwajibia, na wengine wanaojibu ni matapeli waliochukua picha na jina la mkubwa ili waombe pesa. Tatu, mashine yenyewe inahesabu umetazama nini na kwa muda gani, kisha inakuletea zaidi ya kile kile. Unadhani ni yeye anayekutafuta. Ni hesabu inayokutafuta, kwa sababu macho yako yanauzwa kwa wenye matangazo.

Hata Facebook imejiwekea mpaka: mtu mmoja hawezi kuwa na “marafiki” zaidi ya 5000. Wanaozidi hapo wanaitwa wafuasi. Na ni nani kati yetu anayeweza kutembelea watu 5000 wakiwa wagonjwa?

Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 2016, Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan na kufariki. Alikuwa na miaka 66. Picha za kuanguka kwake zilizunguka katika telefone zetu, watu wakazitazama tena na tena. Hakuna mauti ya mtu mkubwa tuliyoikaribia kwa macho namna hiyo. Lakini hatukuweza kumshika mkono, wala kumpa maji, wala kumfunga macho. Wazee wetu walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Jicho la mbali nalo halimwinui aliyeanguka.

5. Umati na mtu mmoja

Hapa kijana anaweza kutujibu: “Baba, hata Zakayo alipanda mti ili amwone mtu mashuhuri!” Ni kweli, na tunafurahi kijana anasoma Luka 19. Zakayo hakukemewa kwa kupanda mti. Lakini habari haikuishia mtini. Kama ingeishia pale, Zakayo angerudi nyumbani na hadithi nzuri ya kuwaambia majirani, na pesa alizowadhulumu zingebaki sandukuni. Ukaribu ulianza Bwana alipomwita kwa jina, akaomba kuingia nyumbani mwake. Chakula kilipikwa, na kabla ya siku kuisha Zakayo aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kuwarudishia mara nne wale aliowaibia. Kumwona kulikuwa kwa bure. Ukaribu ulimgharimu.

Someni pia habari ya mwanamke mgonjwa katika Marko 5. Umati wote ulikuwa ukimsonga Yesu, kila bega likimgusa. Lakini aliuliza ni nani aliyemgusa, mpaka wanafunzi wakashangaa. Aliwatofautisha wanaosonga na anayegusa. Na hakumwacha yule mama ajifiche katika umati. Alimsimamisha, akamsikiliza habari yake yote, akamwita binti.

Katika mitandao sisi sote tu umati. Tunasonga kwa vidole, na yule mkubwa anahesabu wangapi walisonga leo. Hakuna anayegeuka kuuliza.

6. Katika uwanja uliokuwa na jina letu

Kuna siku ambayo hatupaswi kuisahau. Tarehe 29 mwezi wa 10 mwaka 2022, Fally Ipupa aliimba katika Uwanja wa Mashahidi huko Kinshasa, ule ule uliokuwa na jina la Kamanyola. Watu walizidi nafasi. Katika msongamano walikufa watu 11, kati yao polisi. Walitoka nyumbani wakiwa wamevaa vizuri, na hawakurudi.

Hatusemi walikufa kwa sababu ya telefone. Viwanja vilijaa na watu wakasongana kabla ya telefone kuwako, na walinzi na wapangaji wana mambo yao ya kujibu. Wala hatutaki kusikia mtu wa kanisa akisema kwamba walipata malipo yao. Anayesema hivyo hajawahi kupenda wimbo, au amesahau kwamba Bwana alikataa fikira kama hiyo alipoulizwa juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13). Tunasema hili tu: mtu aliyemtazama mwimbaji kila usiku kwa miaka mingi anafika siku moja anataka picha igeuke kuwa mwili. Anataka awe mahali pamoja naye, avute hewa moja naye. Hamu hiyo ni ya kibinadamu kabisa. Telefone inaiamsha kila siku, na haiwezi kuishibisha. Ndiyo maana elfu na elfu wanakuja mlango mmoja kwa saa moja.

Tuwaombee jamaa za wale 11. Na wazazi, mtoto akitaka kwenda mahali pa umati, msimpe nauli tu. Mwelekezeni asimame karibu na njia ya kutokea, na mjue yuko na nani.

7. Njia ile ile inapitisha matusi

Ukaribu huu una upande wa pili ambao hatuuzungumzi sana. Mlango uliofunguliwa kwa wanaopenda umefunguliwa pia kwa wanaochukia. Hapa kwetu Kivu Kusini tuna mfano. Daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, aliyeanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, aliandika mwezi wa 7 mwaka 2020, katika mtandao ulioitwa Twitter wakati huo, kulaani mauaji ya Kipupu. Baada ya hapo vitisho vya kifo vilimfikia yeye na jamaa yake, kwa telefone na kwa mitandao. Umoja wa Mataifa ulitaka alindwe, na mwezi wa 9 wa mwaka huo askari wa MONUSCO walirudi kulinda hospitali.

Wengi wa watu hao, wangekutana naye sokoni Kadutu, wangemsalimu kwa mikono miwili. Telefone ilimleta karibu vya kutosha wamtishe, na ikamweka mbali vya kutosha wasimwone akiwa mtu mwenye mke na watoto. Na sisi je? Ni wangapi kati yetu wanaimba Jumapili, na Jumatatu wanaandika chini ya picha ya mwimbaji wa kike maneno ambayo hawawezi kuyatamka mbele ya mama zao? Wanasema, “Yeye ni mkubwa, hasomi.” Wakati wa kusifu tunataka asome. Wakati wa kutukana tunasema hasomi. Mtu lazima achague.

8. Wamama wa Idjwi

Kuna ukaribu mwingine kati ya watu wadogo na mtu mkubwa, na ulitokea hapa hapa jimboni, bila kutegemea mitandao.

Mwezi wa 10 mwaka 2012, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Daktari Mukwege huko Bukavu. Mlinzi wake aliuawa, naye aliponea chupuchupu. Alikimbilia Ulaya pamoja na jamaa yake. Wakubwa wa dunia walimwalika, walimpiga picha, walimpa pole. Lakini wamama wa kisiwa cha Idjwi walifikiri namna nyingine. Waliandika barua kwa rais wa nchi na kwa wakubwa wa Umoja wa Mataifa, wakiomba daktari arudi na alindwe. Walipoona hakuna jibu, walianza kuuza mananasi na vitunguu, ili pesa ziingie mfuko wa kumnunulia tiketi ya ndege. Wengi wao waliishi kwa pesa isiyofika dola moja kwa siku. Na juu ya ulinzi walisema: tutakulinda sisi, kwa zamu.

Alirudi tarehe 14 mwezi wa 1 mwaka 2013. Toka uwanja wa ndege wa Kavumu mpaka Bukavu ni karibu kilomita 30, na watu walijaa kando ya barabara kumpokea.

Linganisheni barabara hiyo na ile ya zamani, ambako watu walipangwa kumwimbia rais. Kwa macho zinafanana: mtu mkubwa anapita, watu wadogo wanapunga mikono. Lakini wamama hawa walimjua daktari, naye aliwajua. Aliwatibu wao, au dada zao, au binti zao, katika maumivu ambayo hakuna picha inayoweza kuyaonyesha. Yeye alibeba mzigo wao, nao wakabeba wake. Nanasi moja lililouzwa kwa ajili yake lilikuwa na uzito kuliko kubonyeza mara elfu alama ya kupenda, kwa sababu nanasi lilitoka katika chakula cha nyumba.

Na wazee wa imani katika nchi hii walijua ukaribu hata bila kuonana. Simon Kimbangu alihubiri Nkamba mwaka 1921 kwa miezi michache tu. Akakamatwa, akapelekwa gereza la Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, akakaa humo miaka 30 mpaka alipofariki tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951. Watu wake hawakuweza kumtazama. Wengi wao walipelekwa uhamishoni mbali na vijiji vyao kwa ajili ya imani ile. Walikuwa karibu naye kwa sababu waliteseka pamoja naye.

9. Mchungaji asigeuke kuwa nyota

Lazima tuseme neno juu ya nyumba yetu wenyewe, maana watu mashuhuri wa leo si waimbaji peke yao. Wako pia manabii na wahubiri wenye wafuasi maelfu, na waamini wanawatazama kama wengine wanavyowatazama wanamuziki. Kusikiliza neno jema kutoka mbali si kosa. Kosa linaanza hapa: mama anatuma kwa telefone pesa ya shule ya mtoto kwa mhubiri asiyemjua, ili jina lake lisomwe katika maombi, na mjane wa nyumba ya pili amelala bila kula. Hayo ni mabanga yaliyovaa kanzu.

Na kosa linaanza pia kwa mtumishi mwenyewe, anapohesabu watazamaji kabla ya kuhesabu wagonjwa wa kutembelewa. Katika Matendo 14, watu wa Listra walitaka kuwatolea Barnaba na Paulo sadaka kama miungu. Mitume walirarua nguo zao, wakaruka katikati ya watu, wakapaza sauti kwamba wao ni wanadamu tu. Mitume walishuka wenyewe mahali ambapo watu walitaka kuwapandisha. Mtumishi anayeona watu wanampandisha na yeye anatengeneza vizuri kola mbele ya kamera, ajiulize angefanya nini Listra.

10. Basi tufanye nini?

Wapendwa, hatutoi amri. Tunatoa maswali manne, ambayo kila mtu anaweza kujiuliza kabla ya kuzima telefone usiku.

La kwanza: huyu ninayemtazama, je, anajua jina langu? Kama hajui, si vibaya, nifurahie wimbo wake, lakini nisimpe nafasi ya rafiki moyoni.

La pili: nikiugua usiku huu, nani atanibeba mpaka hospitali? Watu hao ndio jirani zangu. Kitabu cha Methali kinatufundisha kwamba jirani aliye karibu anafaa kuliko ndugu aliye mbali (27:10). Je, watu hao nawapa hata robo ya muda ninaowapa wakubwa?

La tatu: ukaribu huu unagharimu nini, na nani analipa? Kama anayelipa ni mtoto wangu, kwa kukosa daftari, bei imezidi.

La nne: nikiandika neno hili chini ya picha ya mtu, je, ningelitamka nikiwa nimesimama mbele yake, na mama yangu akisikia?

Vijana, tunawajua kwamba mnatamani kuonekana. Hamna kosa. Lakini angalieni: katika Kamanyola yetu kuna wazee ambao hakuna aliyewatazama tangu Jumapili. Wana habari za mwaka 1964, za meli, za njaa na za mafuriko ya Ruzizi, na wanakufa nazo. Wana-korale wamekubali kwamba kila Alhamisi jioni watatembelea nyumba mbili, ya mzee mmoja na ya mgonjwa mmoja, na kuimba huko wimbo mmoja. Anayetaka kwenda nao ajiandikishe kwa katibu wa korale baada ya ibada. Telefone zenu chukueni, zitawafaa kumulika njia wakati wa kurudi.

Bwana aliyemwita Zakayo kwa jina awabariki ninyi na nyumba zenu. Amina.